Tumesoma Mafungu, Tukamsahau Wasii
Uhakiki wa darsa zetu za mirathi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyegawa mirathi Mwenyewe ndani ya Kitabu chake, akataja nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi.

Makala hii ni ukosoaji, na wa mwanzo kukosolewa ni huyu anayeiandika. Nimesomesha ilimu ya faraidhi kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wakipewa mas-ala ya maiti aliyeacha mke, wazazi na watoto, huyatatua kabla chai haijapoa. Lakini nimegundua kuwa darsa zetu zina pengo kubwa, na kwa pengo hilo mali za mayatima zinapotea mbele ya macho yetu, sisi maimamu tukiwa tunausia subira.

KISA CHA TUNDUMA

Hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtu hufanya biashara akapata mali ya pande mbili. Alifariki mfanyabiashara mmoja katika waumini wetu, akaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Aliacha fremu nne za maduka zilizopangishwa, nyumba ya kuishi, na bidhaa katika duka la vipuri ng'ambo, Nakonde. Kabla hajafa alimwita mwanawe mkubwa akamwambia asimamie madeni, mama na wadogo zake. Kikao cha ukoo kikampendekeza huyo huyo, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Binti wa mwisho alikuwa na umri wa miaka 11.

Mas-ala ya mafungu hapa ni mepesi mno. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Yanabaki saba, na watoto ni vichwa saba: kila mwana wa kiume mafungu mawili, kila wa kike fungu moja. Asili ya mas-ala ni nane na inagawanyika bila ya kusahihishwa. Niliwagawia mimi mwenyewe kwenye karatasi siku ya tatu ya msiba, wakaipokea na kuniombea dua.

Miaka sita baadaye, mama yule na binti yake walinijia baada ya swala ya Isha. Binti alikuwa amekwisha baleghe. Akasema: "Sheikh, ile karatasi yako ninayo. Inasema nina fungu moja katika manane. Nauliza, fungu lenyewe liko wapi?" Kaka yake alikuwa akipokea kodi ya fremu zote nne, kila moja shilingi 150,000 kwa mwezi, na hakuna aliyepata kuona hesabu. Nikamjibu: "Mwanangu, huyo ni kaka yako, amekaa mahali pa baba. Subiri, usikate udugu." Mama akanyamaza. Wakaondoka.

Baada ya miaka miwili mingine fremu moja ikauzwa kwa rafiki wa msimamizi, kwa bei ambayo soko zima liliishangaa. Alipoulizwa, kaka akasema mambo matatu: kuwa amemlisha na kumsomesha binti yule, kuwa fungu lake amekwisha mpa, na kuwa fremu ameiuza kwa maslahi ya familia. Ndipo nilipojiuliza: katika madai haya matatu, sheria inamsadiki nani? Mimi, mwalimu wa mirathi, sikuwa na jibu la papo hapo.

MATINI ZETU ZINASEMAJE

Tutazame tunavyosoma. Kitabu cha mwanafunzi wa mirathi ni Rahbiyya, utenzi wa Imam Muhammad bin Ali ar-Rahbi aliyefariki mwaka 577 Hijria. Ni kazi kubwa ndani ya beti chache. Inaeleza sababu za kurithi, vizuizi, wenye mafungu, asaba, kuzuiana, babu pamoja na ndugu, hisabu ya mas-ala, munasakha, aliyepotea, mimba na waliokufa kwa pamoja. Msomaji ataupekua mpaka mwisho asikute mlango wa wasii. Hili si kosa la mtunzi, kwani yeye alikusudia ilimu ya mafungu, na kila fani ina mipaka yake. Kosa ni letu tuliodhani kuwa aliyehifadhi Rahbiyya amemaliza mirathi.

Hata kwa Kiswahili mwelekeo umekuwa huo huo. Kitabu Mirathi cha Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhry wa Tanga, kilichochapwa mwaka 1923 wakati wa utawala wa Waingereza, kimeweka urithi kuwa ndio mwili wa kitabu, na wasia na hiba vikawa viambatisho. Kilikidhi haja ya wakati wake, maana hakimu wa kikoloni alitaka kujua nani anapata nini. Lakini swali la nani anashika mali mpaka imfikie mwenyewe ni swali jingine.

Sasa tuje kwenye fiqhi yenyewe. Katika matini ya Abu Shujaa, ambayo karibu kila madrasa yetu inaisoma, wasii ametajwa katika sentensi ya mwisho ya mlango wa faraidhi na wasia. Ametakiwa awe na sifa tano: Uislamu, kubaleghe, akili, uungwana wa kutokuwa mtumwa, na uaminifu. Sentensi inayofuata ni mwanzo wa Kitabu cha Nikahi. Kila aliyekaa darsani anajua hutokea nini hapo. Vijana wanaingojea nikahi kwa hamu, na mwalimu naye amechoka na hisabu za mafungu. Sifa ya tano, uaminifu, husomwa mbio mbio na ukurasa hufunuliwa.

Aliyepanda ngazi akafika kwenye Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) atakuta faslu nzima juu ya wasii, mwishoni mwa Kitabu cha Wasia. Humo mna mambo ambayo yangelisikika mimbarini, vikao vingi vya ukoo vingebadilika. Kuwa mwanamume si sharti la kuwa wasii. Mama wa watoto, akitimiza masharti, ni bora zaidi kuliko mtu mwingine. Wakiwekwa wasii wawili kwa pamoja, mmoja wao hana ruhusa ya kutenda peke yake. Na wasii akifanya ufasiki, uwasii wake unaondoka.

Linganisha na tunayoyaona. Mjane hukalishwa pembeni ya kikao, kana kwamba eda imemwondolea na akili. Mtoto mkubwa wa kiume huteuliwa kwa kuwa ni mkubwa na wa kiume, wala hakuna anayeuliza kama alikuwa akiweka amana za watu. Tumechukua ada, tukaivisha kanzu ya sheria.

ANAYESADIKIWA NI NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Imam Nawawi hakuishia kwenye sifa za wasii. Ametaja ugomvi wenyewe utakaotokea siku mtoto anapobaleghe na kudai chake, na akaupa kila ugomvi hukumu yake.

Kwanza, wakigombana juu ya matumizi, yaani chakula, mavazi na malezi, wasii ndiye anayesadikiwa pamoja na kiapo chake, maadamu anachodai kinalingana na hali ya mtoto. Pili, wakigombana juu ya kukabidhi mali baada ya kubaleghe, anayesadikiwa ni mtoto, na wasii ndiye mwenye kutakiwa ushahidi. Hukumu hizi mbili ziko mwishoni mwa faslu ya wasii. Ya tatu iko nyuma kidogo, katika mlango wa kuzuiwa kutumia mali: mtoto akidai kuwa mali yake iliuzwa bila ya maslahi, kama muuzaji ni baba au babu, basi baba au babu ndiye anayesadikiwa kwa kiapo, lakini kama muuzaji ni wasii au mwaminifu aliyewekwa na kadhi, anayesadikiwa ni mtoto.

Ndugu msomaji, zingatia hekima ya tafauti hizi. Matumizi ya kila siku hayashuhudiwi. Hakuna anayeita mashahidi wawili kila anaponunua unga na daftari, na lau tungemtaka wasii ushahidi wa kila shilingi, hakuna mwema ambaye angekubali kulea yatima. Ama kukabidhi mali ni tukio la siku moja, na Allah (S.W.) ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 6, kuwa mayatima wakikabidhiwa mali zao washuhudishwe watu. Aliyeacha kushuhudisha amejitakia mwenyewe, na uzembe wake haugeuki kuwa hoja dhidi ya yatima. Ama kuuza, baba ana huruma ya maumbile inayomwondolea tuhuma, na wasii hana cha kumwondolea tuhuma ila ushahidi.

Rudi sasa kwenye kisa chetu. Kaka alidai mambo matatu, na Minhaj ina hukumu tatu. Katika chakula na karo, kaka husadikiwa akiapa, na binti hana haki ya kumdai risiti ya kila sahani. Katika kusema kuwa "fungu lake nimekwisha mpa," binti husadikiwa, na kaka alete mashahidi. Katika fremu iliyouzwa, binti husadikiwa tena, na kaka athibitishe kuwa palikuwa na haja au faida ya wazi, kwani ardhi na majengo ya mtoto hayauzwi ila kwa mojawapo ya mawili hayo. Wala asiseme kuwa kaka mkubwa ni kama baba. Katika uwalii wa mali, kwa madhehebu yetu, kaka si baba wala si babu. Ni wasii au mwaminifu wa mahakama, na hukumu yake ni ya wasii.

Jawabu lote lilikuwa kwenye rafu yangu usiku ule nilipomwambia binti asubiri.

KODI YA FREMU NI YA NANI?

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wengi hawalijui au hulifumbia macho. Husema: "Mirathi haijagawanywa bado, kwa hiyo kodi ni ya kuendeshea." Madhehebu ya Shafi hayasemi hivyo. Kauli sahihi ni kuwa mali huhamia kwa warithi tangu mauti, na deni la marehemu, japokuwa limeing'ang'ania tarika mfano wa rehani, halizuii warithi kumiliki. Kwa hiyo kinachozaliwa na mali hiyo baada ya kifo, kama kodi na wana wa mifugo, ni cha warithi kwa kadiri ya mafungu yao.

Tuhesabu. Fremu nne kwa shilingi 150,000 ni 600,000 kwa mwezi. Kwa miaka minane ni miezi 96, yaani shilingi 57,600,000. Thumni yake ni shilingi 7,200,000. Hilo ni fungu la binti katika kodi tu, hatujagusa majengo. Yatolewe matumizi yake ya haki, lakini kiasi kilichobaki kilikuwa mali yake tangu siku kilipopokewa.

Ama warithi waliokwisha baleghe na wenye kujua kutumia mali tangu siku ya msiba, jambo ni zito zaidi. Uwasii huwa juu ya watoto wadogo, madeni na wasia. Hauwi juu ya mali ya mtu mzima mwenye akili yake. Madeni yakishalipwa na wasia ukatekelezwa, msimamizi anayezuia fungu la mtu mzima aliyelidai, bila ya udhuru, ametoka kwenye amana akaingia kwenye ghasbu. Na mwenye kughusubu, kwa Shafi, huirudisha mali na hutoa ujira wa mfano wake kwa muda wote aliokaa nayo, hata kama hakuitumia.

HOJA YA ZUBAYR

Nimewasikia baadhi ya wenzetu wakiwatetea wasimamizi wanaochelewesha kwa kisa cha Zubayr bin al-Awwam (R.A.), na ni kisa sahihi alichokipokea Imam Bukhari. Zubayr aliuawa mwaka 36 Hijria katika siku za Vita vya Ngamia. Alimuusia mwanawe Abdullah alipe madeni yake, nayo yalifika milioni mbili na laki mbili. Hakuacha dinari wala dirhamu, ila ardhi, miongoni mwake al-Ghaba, na nyumba Madina, Basra, Kufa na Misri. Abdullah alipomaliza kulipa, ndugu zake wakamwambia awagawie mirathi yao. Akakataa mpaka atangaze katika Hijja misimu minne: mwenye deni kwa Zubayr na aje alipwe. "Basi," husema wenzetu, "naye alichelewesha miaka minne."

Ni kweli alichelewesha. Lakini soma kisa kizima. Aliwaambia warithi sababu ya kuchelewesha, nayo ilikuwa deni, tena wakati baba yao alikuwa akipokea amana za watu wa kila upande na kuzigeuza kuwa mkopo ili asizipoteze. Aliweka muda unaojulikana mwanzo na mwisho. Alitangaza hadharani, mbele ya watu wengi kuliko mkusanyiko wowote wa zama zile. Aliuza al-Ghaba, iliyonunuliwa kwa laki moja na elfu sabini, kwa milioni moja na laki sita, na faida ikaingia kwenye tarika. Miaka minne ilipotimia aligawa, akatoa theluthi ya wasia, na kila mmoja katika wajane wanne akapata milioni moja na laki mbili.

Huyu ndiye wasii wa baba yake ambaye ndugu zake walimdai, akawanyima kwa haki, kisha akawapa kwa haki. Anayetaka kujifunika kwa Abdullah bin Zubayr na aonyeshe deni lilipo, tangazo alilotoa, muda aliouweka na siku aliyogawa. Kaka wa Tunduma hana hata moja.

MAHAKAMA YA MWANZO

Wapo watakaosema kuwa Minhaj ni kitabu na kadhi hatunaye. Ni kweli kuwa Tanzania Bara haina kadhi mwenye nguvu za dola tangu mahakama zilipounganishwa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, wakati Zanzibar na Kenya mahakama za kadhi zipo. Lakini Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya ile, limeipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu, pamoja na kuteua msimamizi na kumwondoa kwa sababu ya kutosha.

Maimamu wengi hawajapata kuzisoma Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971. Kanuni ya 10 inamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi atakaopewa na mahakama, apeleke orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za usimamizi kwa Fomu Na. 6 kila muda utakaopangwa na mahakama. Kanuni ya 9 inamruhusu mdai, mrithi au mnufaika kuomba uteuzi utenguliwe, ikiwa ulipatikana kwa hadaa au kwa kuficha jambo, au ikiwa msimamizi anakwenda kinyume na masharti aliyopewa, au anatenda kwa makusudi au kwa uzembe dhidi ya maslahi ya warithi. Na kwa mirathi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi aliyetumia mali vibaya au kuitia hasara anawajibika kuifidia.

Linganisha na Minhaj. Fomu Na. 5 na Na. 6 zinafanya kazi ya ule ushahidi ambao aya imeuamrisha. Kutengua uteuzi kunafanana na kuondoka kwa uwasii kwa ufasiki. Fidia ni dhamana ya mwenye kughusubu. Siwaambii kuwa sheria hii na fiqhi ni kitu kimoja. Chimbuko lao ni mbali. Nasema kuwa katika jambo hili moja, mwenye haki ana mlango wa kuingilia, na wakati mwingine sisi ndio tuliosimama mlangoni tukamrudisha.

Tahadhari moja kwa watu wa mpakani. Hati ya usimamizi iliyotolewa Tanzania haivuki mpaka peke yake. Mali iliyoko Nakonde inahitaji idhini ya mahakama ya Zambia. Wasimamizi wengine huona kuwa hapo ndipo pa kuficha. Bidhaa za duka la vipuri hazikuandikwa popote katika kisa chetu. Kisheria ya Allah mpaka haupunguzi tarika hata senti moja, na aliyeficha ng'ambo amekula kama aliyekula hapa. Na Mwislamu aliyehamia na kukaa Zambia ajue kuwa Sheria ya Mirathi Isiyo na Wasia ya huko, ya mwaka 1989, kwa wale inaowahusu, hugawa kwa mafungu yake: mjane asilimia 20, watoto 50, wazazi 20 na wategemezi 10. Basi aandike wasia wa kuwa mali yake igawiwe kwa faraidhi, wala asingojee ugonjwa.

"NI KAKA YAKO, SUBIRI"

Nimerudi kwenye neno langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo linalosemwa misikitini zaidi ya lolote. Je, ni neno la sheria?

Mke wa Saad bin ar-Rabii (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na binti zake wawili. Saad alikuwa ameuawa Uhud, na ami yao alikuwa amechukua mali yote. Kisa wamekipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Jabir. Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa Allah atahukumu katika hilo, na aya ya mirathi ikashuka. Akamwita ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki kiwe chake. Mama yule hakulaumiwa kwa kumshitaki shemeji yake, wala mabinti hawakuambiwa kuwa ami ni kama baba. Tena ami hakunyimwa chake. Hiyo ndiyo suluhu.

Udugu anaukata yule aliyekula, na anayedai ndiye anayejaribu kuuokoa. Subira ni kwa msiba ulioletwa na Allah, na mauti ya baba ni msiba huo. Dhuluma ya kaka ni munkari, na munkari hukatazwa. Nikimwambia mdhulumiwa asubiri, nami sikumwambia dhalimu neno, nimekuwa wakili wa dhalimu bila ya kulipwa.

Na uadilifu unatutaka tuseme upande wa pili. Wako wasimamizi wema wanaotukanwa bure. Wako warithi wanaodai kila senti ya karo iliyowasomesha, na Minhaj imewanyima dai hilo kwa kiapo cha wasii. Wasii fukara ana haki ya kula kwa wema kwa kazi yake, na tajiri ajizuie, kama ilivyo katika aya ile ile ya 6. Na asiyejiweza asibebe: Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr (R.A.), mmoja wa wakweli wa umma huu, kuwa anamwona ni dhaifu, basi asisimamie mali ya yatima. Ikiwa Abu Dharr ametahadharishwa, kwa nini sisi tunamkabidhi mtu usimamizi kwa kuwa tu amezaliwa mwanzo?

LIPI LA KUFANYA

Kwa maimamu na walimu wenzangu napendekeza machache. Atakayesomesha Rahbiyya asiifunge mpaka asomeshe na faslu ya wasii kutoka Minhaj. Ni darsa mbili au tatu tu. Atakayeitwa kugawa mafungu msibani asiandike mafungu peke yake. Aandike na mali zilizopo, madeni, jina la msimamizi, siku ya kuleta hesabu, na mashahidi wawili. Kikao kinapopendekeza msimamizi, imamu aulize kwanza habari za mama wa watoto, na akiona shaka apendekeze wawili washike pamoja. Na yatima akija baada ya Isha, asiambiwe neno mpaka aulizwe maswali matatu: umelelewa kwa nini, umekabidhiwa nini mbele ya nani, na kimeuzwa nini kwa faida ipi.

Ama binti wa kisa chetu, mwisho wake sikuufanya mimi. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na mama yake. Kaka aliamriwa alete orodha na hesabu ambazo kwa miaka minane hakuwahi kuzipeleka, akashindwa, na uteuzi wake ukatenguliwa. Mama ndiye msimamizi sasa. Fremu tatu zinalipa kodi kwa mafungu manane, kila mwezi, kwa maandishi. Ya nne iko mikononi mwa mnunuzi na shauri lake halijaisha.

Lau ningefungua Minhaj usiku ule wa kwanza, fremu ile isingeuzwa. Nilimwomba radhi binti mbele ya mama yake, akanisamehe. Namwomba Allah (S.W.) naye anisamehe, na awape warithi wote haki zao kabla ya siku ambayo haki hulipwa kwa mema na si kwa shilingi. Amin.